Sukari saba, saba ya nini?

Mgonjwa anayetoka maabara akiwa ameambiwa kwamba sukari yake ni saba bado hajapewa majibu. Saba ikiwa ni ya milimoli kwa lita, na damu ilichukuliwa asubuhi kabla hajala, basi amefika kwenye mstari ambao Shirika la Afya Duniani linautumia kutamka kwamba mtu ana kisukari. Saba ikiwa ni asilimia ya HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, basi kwa watu wazima wengi walio kwenye matibabu hilo ndilo lengo lenyewe, na mgonjwa anastahili kupongezwa. Tarakimu moja, habari mbili zinazopingana. Hoja yangu ni kwamba kipimo cha sukari kisitamkwe wala kuandikwa bila kizio chake, na kwamba mamlaka zetu za afya zichague kizio kimoja, yaani milimoli kwa lita, kisha zihakikishe kwamba kila mashine inayouzwa madukani inakionyesha hicho peke yake. Jambo hili linaweza kuonekana dogo kando ya uhaba wa dawa na bei ya insulini. Lakini insulini hiyohiyo hutolewa kwa kufuata namba, na namba isiyojulikana ni ya nini haiwezi kuongoza sindano.

Vizio vinavyogombana ni viwili. Miligramu kwa desilita, ile mg/dL ya kwenye vioo vya mashine, inauliza uzito: katika sehemu moja ya kumi ya lita ya damu, sukari iliyoyeyuka ina miligramu ngapi? Milimoli kwa lita, mmol/L, inauliza idadi: katika lita nzima kuna molekuli ngapi za sukari? Moli ni hesabu tu, hesabu kubwa mno ambayo huanza na 6 na kufuatiwa na tarakimu nyingine 23, na milimoli ni sehemu yake moja ya elfu. Kutoka kwenye uzito kwenda kwenye idadi kunahitaji kujua molekuli moja ina uzito gani, na kwa glukosi jibu hilo linapatikana kwa kujumlisha. Molekuli yake ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Kaboni ina uzito wa 12, haidrojeni 1, oksijeni 16. Hivyo tunapata 72, 12 na 96, jumla 180. Basi moli moja ya glukosi ni gramu 180, na milimoli moja ni miligramu 180. Miligramu hizo zikienea ndani ya lita moja, kila desilita inapata 18. Ndipo inapotoka ile 18 ambayo wagonjwa wachache wameisikia na wengi hawajawahi kuelezwa: zidisha milimoli kwa 18 upate miligramu, gawanya miligramu kwa 18 upate milimoli. Asiyependa kuzidisha kwa 18 kichwani azidishe kwa 20 kisha aondoe sehemu moja ya kumi. Saba mara 20 ni 140. Toa 14, inabaki 126.

Ukishaijua 18, namba nyingi za kliniki ya kisukari zinaacha kuwa fumbo. Kipimo cha saa mbili baada ya mtu kunywa gramu 75 za glukosi kina mstari wa 11.1, namba ambayo inaonekana imeokotwa tu. Ni 200 iliyogawanywa kwa 18. Ile 3.9 ambayo chini yake mgonjwa huambiwa sukari imeshuka ni 70 ya upande wa pili, 10.0 ni 180, 5.6 ni 100. Lakini 18 ni mali ya glukosi peke yake. Kolesteroli ina molekuli nzito zaidi, moli yake ni karibu gramu 387, kwa hiyo kigawanyo chake ni 38.7. Anayegawanya kolesteroli kwa 18 kwa kuwa alisikia 18 ndiyo njia ya kubadili vipimo vya damu atapata namba iliyozidi ukweli zaidi ya mara mbili, na huenda akaanza kumeza vidonge asivyovihitaji.

Kuwepo kwa vizio viwili hakukuletwa na ubishi wowote wa kisayansi. Moli iliingizwa kwenye mfumo wa kimataifa wa vipimo mwaka 1971, na mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipendekeza mfumo huo utumike katika tiba. Uingereza ilihama, Kanada na Australia pia. Marekani haikuhama, na India na Japani zimeendelea na miligramu. Ujerumani inafundisha zaidi: upande wa mashariki ulizoea milimoli, wa magharibi miligramu, na zaidi ya miaka 30 baada ya nchi kuungana mwaka 1990, mazoea yote mawili bado yanaishi chini ya serikali moja. Ufaransa ina chake cha tatu, gramu kwa lita, ambamo mstari wa kisukari ni 1.26. Hospitali za Kenya na Tanzania kwa kawaida hutumia milimoli. Ukivuka kuingia Kongo, ambako utabibu ulijengwa juu ya mkondo wa Ubelgiji, mara nyingi utakutana na miligramu au gramu. Na tangu mwaka 2022 Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu wake wanavuka mipaka kufanya biashara na kutafuta matibabu kama majirani wengine wote.

Kwa hiyo vizio vinaingiliana kila siku bila mtu kuviita. Mgonjwa aliyepelekwa India anarudi na faili lililojaa miligramu. Ndugu aliyeko Marekani anamtumia mama yake mashine ya kupimia sukari pamoja na vijiti vyake, zawadi ya maana kabisa, na kioo chake kinaandika 142. Video zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zinasema sukari iwe chini ya 180 saa mbili baada ya kula. Aliyeisikia hiyo 180 anapima kwa mashine aliyonunua duka la dawa la mtaani, anaona 14, anashukuru Mungu kwamba yuko mbali na hatari. Kumi na nne ya milimoli ni 252. Kosa la namna hii halimwangushi mtu siku hiyohiyo, na ndiyo maana halihesabiwi popote. Linafanya kazi yake polepole kwenye macho, figo na miguu, miaka ikipita, huku mwenyewe akiamini anajitunza.

Lipo kosa jingine la haraka zaidi. Wengi hudhani namba zinajieleza zenyewe: yenye tarakimu tatu ni miligramu, yenye nukta ni milimoli. Mara nyingi ni kweli. Lakini mashine nyingi za nyumbani husoma kuanzia 20 hadi 600 kwa miligramu, au 1.1 hadi 33.3 kwa milimoli, na kati ya 20 na 33 masafa hayo mawili yanakutana. Tuseme mgonjwa ameletwa usiku akiwa hajitambui, na aliyempima nyumbani anasema sukari ilikuwa ishirini na nane. Ishirini na nane ya milimoli ni 504 kwa miligramu: sukari imepanda kupita kiasi, mgonjwa anahitaji maji na insulini. Ishirini na nane ya miligramu ni 1.6 kwa milimoli: sukari imeshuka kiasi cha ubongo kukosa chakula, mgonjwa anahitaji glukosi dakika hiyohiyo, na insulini itamuua. Mtu mzima mwenye lita 5 za damu na sukari ya milimoli 5 ana gramu 4.5 tu za glukosi katika mzunguko wake wote, kama kijiko kimoja cha chai. Akiba iliyo ndogo namna hiyo haitoi nafasi ya kubahatisha. Na kwa kizio cha Kifaransa hali ni hiyohiyo: 1.1 ya gramu kwa lita ni sukari ya mtu aliyepita kidogo kiwango cha kawaida, 1.1 ya milimoli ni ya mtu aliye kwenye ukingo wa kifo.

Nitajibiwa kwamba hakuna daktari au muuguzi mwenye akili zake atakayechoma insulini kwa kusikia neno la mlangoni, atapima upya. Ni kweli, na inapasa iwe hivyo, pale ambapo vijiti vipo na mtu wa kupima yupo. Lakini hoja hiyo inasahau ni nani hasa anayesimamia kisukari. Kwa siku zote ambazo si za kliniki, msimamizi ni mgonjwa mwenyewe, au binti yake, au mjukuu aliye darasa la saba anayemsomea bibi kioo cha mashine. Hao ndio wanaoamua kuongeza yuniti mbili za insulini jioni au kunywa soda. Na wenzetu walio na hospitali zenye vifaa vingi kuliko sisi wamekwisha kuonja tatizo hili. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu mashine za sukari ambazo kizio chake kingeweza kubadilika bila mtumiaji kukusudia, kwa mfano alipokuwa akirekebisha saa na tarehe. Mtu alikuwa analala na miligramu anaamka na milimoli kwenye mashine ileile. Funzo lililotokana na hapo ni kwamba kizio kifungwe kiwandani, mtumiaji asiwe na njia ya kukigusa.

Jibu la pili ambalo nitalipata ni kwamba mgonjwa wa kawaida hawezi mambo ya moli, tusimchoshe. Silikubali hata kidogo. Anayezungumza Kiswahili kwa kawaida anaishi na hesabu mbili za saa: tiketi ya ndege inaandika 0800, naye anajua ni saa mbili asubuhi, anaongeza au kupunguza sita bila kufikiri. Anaweza kwa sababu amezoezwa tangu utotoni na kwa sababu anajua wazi kwamba hesabu ni mbili. Hicho cha pili ndicho ambacho mgonjwa wa kisukari amenyimwa. Hakuambiwa kwamba kuna hesabu mbili. Akiambiwa, 18 si mzigo mkubwa kuliko sita, na hata asipotaka kuibeba kichwani, atajua angalau kuuliza. Wanafunzi wa sekondari hufundishwa moli kwa chumvi na asidi za kwenye chupa za maabara, wakafanya mtihani na kuisahau. Mwalimu angeweza kuifundisha kwa kipimo cha sukari cha jirani, na hesabu hiyo ikarudi nyumbani jioni ileile.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya wale wanaosema: ikiwa lazima tuchague, kwa nini tusichague miligramu? Gramu inafahamika sokoni na jikoni, moli haifahamiki. Marekani na India, zinakotoka mashine nyingi na video nyingi, zinatumia miligramu. Ningeweza kujibu kwamba hospitali zetu tayari ziko kwenye milimoli na kuhama ni gharama, na jibu hilo lingetosha. Lakini lipo jibu la ndani zaidi, na ushahidi wake mzuri umo kwenye pakiti ya ORS, ile ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa mgonjwa wa kuhara, ambayo kila mama wa Afrika Mashariki anaijua. Pakiti ya zamani ilikuwa na gramu 20 za glukosi kwa lita moja ya maji. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalipitisha mchanganyiko mpya wenye gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Soma orodha hiyo kwa gramu na hutaona sababu yoyote ya namba hizo. Isome kwa moli. Gramu 13.5 ukizigawa kwa 180 unapata milimoli 75 za glukosi. Sodiamu inayotoka kwenye chumvi na kwenye sitrati, ukiijumlisha, ni milimoli 75. Zinalingana, na zimelinganishwa makusudi, kwa sababu kwenye ukuta wa utumbo iko protini inayopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji yanazifuata. Mlango huo hauna mizani. Unapitisha molekuli kwa idadi.

Si hilo tu. Chembe zote zilizoyeyuka kwenye pakiti ya zamani zilifikia milimoli 311 kwa lita, zaidi kidogo ya zile za damu. Kwenye mpya ni 245, chini ya damu. Maji huelekea upande wenye chembe nyingi, kwa hiyo kwa watoto wengine mchanganyiko wa zamani uliweza kuyavuta maji yarudi utumboni, na ule mpya ukapunguza kuhara, kutapika na haja ya dripu. Hakuna gramu inayoweza kukueleza hivyo. Hata ule mchanganyiko wa dharura wa nyumbani, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita, unaeleweka kwa njia hiyo tu. Sukari ya dukani ni sukrosi, moli yake ni gramu 342. Vijiko hivyo sita ni kama gramu 24, na anayetazama uzito atadhani tumeweka karibu mara mbili ya kilichomo kwenye pakiti. Kwa moli ni kama 70, na kila molekuli ya sukrosi ikivunjwa utumboni inatoa glukosi moja na fruktosi moja, hivyo glukosi inayofika kwenye ule mlango ni karibu sawa na ya pakiti. Madaktari wa Marekani wenyewe wanalijua hili. Wanapotaka kukadiria wingi wa chembe kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, huchukua sodiamu mara mbili, kisha wanaongeza sukari waliyoigawa kwa 18. Wamerudi kwenye milimoli, ila kwa kuzunguka. Daktari wa Mwanza au Kisumu anajumlisha moja kwa moja.

Nakubali kwamba miligramu ina faida moja ya kweli: haina nukta. Muuguzi aliyechoka anaweza kuandika 5.6 kwa mwandiko ambao mwenzake atausoma 56, na faksi au picha ya simu isiyo wazi ikaimeza nukta kabisa. Hatari hiyo naiona, wala sidhani inaondolewa kwa maneno. Inapunguzwa kwa kanuni mbili: namba ya milimoli iandikwe daima na tarakimu moja baada ya nukta, hata ikiwa sifuri, na kizio kifuate papo hapo. Anayesoma "7.0 mmol/L" ana ishara tatu zinazomlinda, anayesoma "7" hana hata moja. Wapo wanaopendekeza tuandike vizio vyote viwili kwenye kila karatasi ya majibu ili kila mtu achukue anachokijua. Kwa nia njema hiyo tutaongeza makosa. Namba mbili zikikaa pamoja kwenye mstari mmoja, anayenakili haraka atachukua mojawapo na kizio cha nyingine. Majibu yabebe kizio kimoja. Jedwali la kubadilishia liwe mahali pengine: kwenye jalada la daftari la kliniki, ukutani, kwenye karatasi inayokuja na mashine.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania (TMDA) na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya ndizo zinazosimamia vifaa vya tiba vinavyoingia sokoni, na watengenezaji wakubwa tayari wanatoa mashine zilezile kwa vizio vyote viwili, kulingana na nchi zinakokwenda. Sharti la kwamba mashine ya sukari isiingie bila kufungwa kwenye milimoli, na kwamba karatasi ya maelezo iwe na jedwali kwa Kiswahili, ni la kuandikwa kwenye kanuni, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tayari ina mpango wa pamoja wa usajili wa dawa, inaweza kulifanya liwe la nchi zote. Programu za simu zinazopokea vipimo kutoka kwenye vihisi vya kubandika mkononi zihusishwe pia, ili huko nako mtumiaji asiwe na njia ya kubadilisha kizio. Magazeti na redio nazo zina sehemu yao: mtaalamu akitaja kiwango cha sukari hewani bila kizio, mtangazaji amuulize ni ya nini kabla hajaendelea.

Zinabaki mashine za miligramu zilizokwisha kuingia majumbani, nyingi zikiwa zawadi, na zisitupwe, maana mashine inayofanya kazi ni bora kuliko kutopima. Kliniki zizitambue. Siku mgonjwa anapokuja na mashine yake, muuguzi aiwashe, atazame kizio, akiandike kwenye daftari kando ya jina, kisha abandike nyuma ya mashine karatasi yenye mistari hii mitano: 70 ni 3.9, 126 ni 7.0, 180 ni 10.0, 200 ni 11.1, 300 ni 16.7.